Dansi Bila Ukumbi: Nyimbo Zilizovuma Miaka ya Themanini Zilivyosikika Lupepo

Ipo sentensi moja ambayo kwa kweli imetuchosha: kwamba nyimbo za zamani zilikuwa na ujumbe. Husemwa redioni kila kipindi cha zilipendwa kinapofunguliwa, husemwa harusini bendi inapopiga kopi, na siku hizi inasemwa hata kwenye semina zetu, pale mwanafunzi anapotaka kuubeza muziki wa kizazi kipya bila kujisumbua kuusikiliza. Sisi watu wa fasihi ndio tuliopaswa kuwa wa kwanza kuuliza, ujumbe gani huo? Badala yake tunaitikia tu, kama waitikiaji wa bendi.

Msimamo wangu ni huu. Nyimbo za dansi zilizovuma Tanzania katika miaka ya themanini hazikudumu kwa sababu ya ujumbe. Nyimbo zenye ujumbe ulionyooka, zile za kuhimiza kilimo, kazi na kulijenga taifa, zilikuwepo tele na redio ilizipiga. Leo nani anaziomba? Zilizobaki ni zile ambazo ukizibana zikupe funzo zinakuteleza mkononi. Zimebaki kwa sababu ni visa, tena visa vyenye msimulizi ambaye ukimwamini moja kwa moja umeliwa. Na mahali pazuri pa kulionea jambo hili, kwa maoni yangu, si Dar es Salaam zilikopigwa. Ni kwetu Lupepo, wilaya ya Rungwe, ambako watu walizisikiliza miaka kumi bila kuuona ukumbi zilimochezwa.

Tuanze na neno lenyewe, kuvuma. Uingereza na Marekani wimbo ulipanda chati kwa hesabu ya santuri zilizouzwa na kwa kupigwa redioni. Kwetu hesabu kama hiyo ingeanzia wapi? Hatukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi iliyotaka santuri ilitazama Nairobi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, na redio binafsi nazo zilianza mwaka huohuo. Kwa hiyo miaka yote ya themanini mlango ulikuwa mmoja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilipeleka nyimbo zake, maneno yakapitiwa, ikaingia studio ikarekodi, kanda ikabaki mali ya redio. Wanamuziki wengi walilalamika kwamba malipo ya kurekodi hayakuwa ya maana, lakini hawakuwa na pengine pa kwenda. Na bendi zenyewe nyingi zilikuwa za mashirika na jumuiya: Juwata Jazz ya wafanyakazi, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana, Bima Lee ya Shirika la Bima, Mlimani Park ambayo mwaka 1983 ilichukuliwa na DDC, na kule Iringa Tancut Almasi, ya kiwanda cha kukata almasi. Vyombo vya mwajiri, mshahara wa mwajiri, studio ya serikali. Ukiangalia mpangilio huo ungetegemea zitoke risala tupu. Zikatoka hadithi za watu waliokosana na wake zao!

Kuvuma, basi, maana yake ilikuwa mambo mawili: kujaza watu ukumbini, pale DDC Kariakoo au Vijana Kinondoni, na kuombwa katika vipindi vya salamu. Hilo la kwanza halikutuhusu. Kutoka Dar es Salaam hadi Tukuyu ni karibu kilomita 900. Huku kwetu ni migomba, chai, ukungu wa Mlima Rungwe, na mvua ambayo wageni hudhani ni ya msimu mpaka wakae mwaka mzima. Baba mdogo wangu, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na kitu wakati huo, alizijua sauti zote za Sikinde na Msondo, akijua nani kahama bendi gani kwenda ipi, kama vijana wa leo wanavyojua usajili wa Simba na Yanga. Lakini hakuna hata bendi moja kati ya hizo aliyoiona ikipiga.

Alichokuwa nacho ni redio kaseti na betri. Betri hizo msomaji wa leo asizipuuze. Baada ya vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin nchi ilikauka fedha za kigeni. Sabuni, sukari, khanga, kila kitu kikawa cha foleni. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, watu wakawa wanaficha hata walichonunua kihalali. Betri nazo zikawa za kubembeleza. Zikichoka, kwingine watu walizianika juani zipate nguvu kidogo. Lupepo jua lenyewe la kuhesabu, zilipangwa jikoni karibu na mafiga. Redio ilifunguliwa kwa taarifa ya habari na kwa salamu, ikafungwa. Hapo ndipo usikilizaji wa namna ya pekee ulipozaliwa: watu wamekaa kimya, wimbo mmoja, hakuna anayecheza, kwa kuwa hakuna ajuaye kama betri itafika mwisho wa kisa.

Nimezikuta kanda kumi na moja za baba mdogo, alizozirekodi mwenyewe kutoka redioni, na ninazisikiliza tangu nikiwa kidato cha tano. Kitu kilichonishtua ni kwamba zaidi ya nusu ya nyimbo zimekatwa, na zote zimekatwa mahali pamoja. Muundo wa wimbo wa dansi wa wakati ule mnaujua. Ala zinafungua, mwimbaji anaeleza kisa taratibu, wenzake wanamwitikia, saksafoni au tarumbeta inapumzisha, kisa kinaendelea. Halafu kasi inabadilika. Magitaa yanashika usukani, maneno yanabaki machache ya kuhimiza wachezaji na kuwataja wapigaji. Hicho ndicho chemko. Na kanda za Lupepo zinakatika hapo hapo, chemko linapoanza. Nilimuuliza.

"Shikamoo baba mdogo. Mbona nyimbo zako hazina miisho?"

"Marahaba mwanangu. Zina miisho. Maneno si yameisha? Kanda ilikuwa ya dakika 60, pale mbele ni magitaa tu, nikaona nibane nipate wimbo mwingine."

Nimesoma vitabu kadhaa vya nadharia hapa chuoni, lakini jibu hilo bado linanifanyisha kazi. Profesa Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kwenye jarida la Mulika kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alitufundisha kwamba fasihi simulizi ni tukio: kuna fanani, kuna hadhira, kuna mahali na wakati, na vyote vinafungamana. Nakubali. Sasa, wimbo wa dansi uking'olewa ukumbini, ukaondolewa wachezaji, ukakatwa mkia, kinachobaki ni nini? Baba mdogo alibaki na kitu kinachokaribia sana matini. Alikirudia, akakinakili kwenye daftari la shule kwa kalamu ya bluu na kibwagizo kwa nyekundu, akabishana na wenzake kuhusu neno moja. Kama huko si kusoma, basi sijui sisi hapa tunafanya nini.

Hebu tuone kinachopatikana kwa kusoma hivyo. Chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Najua watakuwepo watakaosema huo si wimbo wa miaka ya themanini wala si wa Tanzania: bendi ilizaliwa Nairobi mwaka 1978, wanamuziki walipojitenga na Simba Wanyika, na wimbo ukatoka muda si mrefu baadaye. Sawa. Lakini Simba Wanyika yenyewe ilianzishwa na ndugu wa Kinyonga waliotoka Tanga, na kuhusu umri, katika kanda za baba mdogo wimbo huu upo mara tatu, mara ya mwisho baada ya hotuba ya mwaka 1985, Mwalimu alipong'atuka. Kwa Lupepo ulivuma muongo mzima.

Msimulizi anamkabili mwanamume mwenzake aliyekasirika kiasi cha kutaka kuua. Anajitetea. Utetezi wake ni upi? Kwamba yule mwanamke wanayemgombania si wa huyu wala si wa yule. Kila mmoja wao anaye wa kwake nyumbani, kwa hiyo chuki ya nini. Simama hapo, msomaji. Mtu aliyeanza kwa kusema hana makosa ametoa, kwa kinywa chake, ushahidi wa makosa mawili: lake na la mwenzake. Kichwa cha wimbo kinamwachia huru, kisa kinamfunga. Na kwa kuwa gitaa ni tamu kupita kiasi, sisi hakimu tunajikuta tumeegemea upande wa mshtakiwa. Hapa ujumbe uko wapi? Usigombane? Usitoke nje ya ndoa? Wimbo hausemi lolote kati ya hayo. Unamwacha mtu aongee mpaka ajianike, na hiyo ni mbinu ambayo tukiikuta kwenye riwaya tunaiandikia kurasa tano za mtihani.

Ukumbini, nadhani, hakuna aliyepima utetezi huo. Mtu ameshika kiuno cha mwenzi wake, ana haja gani ya kesi? Sebuleni Lupepo ilikuwa kesi. Mwaka jana niliupiga nyumbani, bibi yangu akiwa anamenya ndizi. Alinyamaza mpaka mwisho, yaani mpaka pale alipokata baba mdogo, kisha akaniuliza: "Na hao wa nyumbani, wao hawana wimbo?"

Tangu siku hiyo sizisikilizi tena kama zamani. Tazama vichwa vya nyimbo zilizovuma: "Zuwena" ya Marijani Rajab na Dar International, "Neema" na "Edita" za Mlimani Park, "Ngalula" ya Maquis, "Mary Maria" ya Vijana Jazz. Majina ya wanawake, moja baada ya jingine. (Zuwena, tukiwa wakweli, ni jina la pwani. Huku Rungwe, ambako Wamoravian wamekuwepo tangu 1891, lilikuja kwa redio kama vile dagaa wanavyokuja kwa lori. Siku hizi ukilitaja kwa wadogo zetu wanadhani unamsema Zuwena wa Diamond Platnumz.) Anaitwa, anabembelezwa, analaumiwa, anaombwa arudi. Hajibu. Wahakiki wa zilipendwa husema nyimbo zile ziliheshimu mwanamke kwa kuwa hazina matusi. Ni kweli hazina matusi. Lakini kumwita mtu dakika sita bila kumpa nafasi ya kuitika ni heshima ya namna gani? "Talaka ya Hasira" ya Mlimani Park ni mfano mzuri kwa kichwa chake tu: hasira ni ya nani, na talaka imemwangukia nani?

Ndiyo maana Kida Waziri ananivutia kuliko alivyozoea kutajwa. Bendi za dansi zilikuwa na waimbaji wanawake wachache mno, na yeye alisimama Vijana Jazz pamoja na Hemed Maneti, ambaye tulimpoteza mwaka 1990. Katika "Wifi Zangu Mna Mambo" mwanamke ndiye anayesema, na anaowasema si mume, ni mawifi. Mgogoro umehama kitandani ukaingia uani, kwenye ukoo, mahali ambapo mtunzi mwanamume wa wakati ule hakuwa na sababu ya kupatazama. Bibi aliujua wote. Hakuhitaji kanda.

Nisije nikaonekana nimegeuka mhubiri. Kuna nyimbo ambazo kusoma kwa Lupepo kunaziongezea kitu ambacho hata mtunzi, nina hakika, hakukiweka. Mlimani Park walipoita wimbo "MV Mapenzi," msikilizaji wa Dar es Salaam aliona meli ya kwenda Unguja. Mtu wa Rungwe aliona Ziwa Nyasa: MV Songea au MV Iringa pale bandari ya Itungi, meli ambayo ratiba ni maneno na kufika ni majaliwa. Sitiari ileile, bahari mbili. Vilevile Sikinde wenyewe walijinadi kuwa ngoma ya ukae, yaani ya nyumbani, kwa asili ya ngoma ya Wazaramo. Nyumbani kwa nani? Baba mdogo hajui neno la Kizaramo zaidi ya hilo, na bado anasema Sikinde ni yake.

Nimemweka Remmy Ongala mwisho kwa makusudi, kwa kuwa yeye ndiye anayeelekea kuivunja hoja yangu. Remmy alizaliwa Kindu, Zaire, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaling'arisha jina la Super Matimila. Alijiita sura mbaya kabla hujamwita wewe. Kituo cha daladala Sinza kinaitwa Kwa Remmy mpaka leo, heshima ambayo hakuna mshairi wetu wa vitabuni aliyeipata. Watu husema: huyu sasa alikuwa na ujumbe, "Mnyonge Hana Haki," utasemaje? Nasema usikilize tena. Anayesema katika nyimbo za Remmy si mwalimu aliyesimama mbele ya wanyonge. Ni mnyonge mmoja anayepayuka, mara analia, mara anacheka, mara anajisifu. Ukimtoa huyo mtu ukabakiza ujumbe, unabaki na methali ambayo tayari tulikuwa nayo.

"Kifo" ni mfano mkubwa zaidi. Darasani tungeandika "tashihisi" pembeni na kuendelea. Lakini kukiita kifo ukakisemesha kama jirani mkorofi, halafu watu wakacheza, kulimshangaza nani? Si Mnyakyusa. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwetu katika miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1957 jinsi vijana walivyocheza ngoma msibani, ngoma ya nguvu, ya kivita, huku wanawake wakilia. Kucheza mbele ya maiti hakukuwa utovu wa adabu; ilikuwa sehemu ya kuaga. Wamisionari hawakulipenda jambo hilo, na leo msibani kwetu ni kwaya. Baba mdogo "Kifo" hakukata. Ni kati ya nyimbo chache za redioni alizoziacha mpaka mwisho, chemko na yote, na nilipomuuliza kwa nini, alisema tu kwamba huo ulikuwa haukatiki.

Na kuna "Mambo kwa Soksi." Ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa umetambuliwa nchini mwaka 1983, kule Kagera. Mwishoni mwa muongo Remmy akaimba kuhusu kondomu, bila kuuma maneno. Radio Tanzania haikuupiga. Hebu fikirieni: mlango ni mmoja, na mlango umefungwa, kwa wimbo pekee ambao kweli ulikuwa na ujumbe wa kuokoa mtu! Ukafika Lupepo mkononi, kwenye kanda iliyonakiliwa kutoka kanda iliyonakiliwa, sauti imefifia kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Vijana waliusikiliza nje, mbali na wazee. Kwa hiyo anayesema miaka ya themanini redio ilituletea ujumbe aeleze na huu uliachwa kwa nini.

Mwenzangu mmoja wa mwaka wa pili, mtoto wa Temeke, ambaye baba yake alikuwa akienda dansini kila Jumamosi, ameisoma rasimu ya makala hii akanijia juu. Anasema nimeugeuza ulemavu kuwa sifa: kwamba chemko ndiyo nusu ya maana, kwamba baada ya kisa cha huzuni mwili unahitaji kujibu, na aliyekosa jibu la mwili amesoma nusu kitabu. Hoja hiyo ni nzito na ningependa aiandike katika toleo lijalo. Kwa sasa namjibu hivi: baba yake alipata wimbo mzima mara moja kwa wiki, akiwa na jasho na bia. Baba mdogo alipata nusu yake mara mia. Usomaji wa pili ndio uliotupatia kesi ya "Sina Makosa", wa kwanza haukuiona. Tena huo wa kwanza umekwisha. Muhidin Gurumo tulimzika mwaka 2014, Remmy 2010, Marijani 1995. Kumbi zenyewe nyingi zimebadilika matumizi. Kinachoweza bado kufanyiwa kazi ni maneno.

Na maneno hayo hayapo popote kwa uhakika. Tuna diwani za washairi zilizohaririwa kwa makini, zina sherehe na faharasa, lakini mashairi yaliyosikilizwa na watu wengi kuliko yote katika muongo ule tunayapata kwa kuambizana. Nimeanza kunukuu kanda za Lupepo kwa mkono, wimbo kwa wimbo. Kazi ni ngumu kuliko nilivyodhani, na sababu yake ni ya kwetu kabisa: kanda nne baba mdogo alizirekodi kwa kuweka redio kaseti yake mbele ya redio ya jirani, chini ya bati, mvua ikinyesha. Kuna ubeti mzima wa "Zuwena" ambao umezama. Baba mdogo anaujaza kwa maneno yake, shangazi anaujaza kwa mengine, na kila mmoja ana daftari la kuthibitisha. Nimeyaandika yote mawili, safu mbili, nikaweka herufi B na S juu. Kwa mwenye rekodi safi ya wimbo huo, naomba asinitumie kwanza mpaka nimpate na jirani mwenyewe, aliyehamia Kyela, ambaye nasikia naye ana daftari.